Kutoka shambani na kurudi shambani ni mambo mawili

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapa kuhusu mifuko iliyotengenezwa kwa mahindi, ambayo mwandishi wenu anapendekeza iletwe hapa Bukavu ichukue nafasi ya sashe, yaani vifuko vya plastiki vya sokoni, zinazoziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Kuhusu ugonjwa, mimi na yeye tunasema lugha moja. Kuhusu dawa, naomba nafasi katika ukurasa wenu nieleze kwa nini simfuati, maana nimefundisha kemia katika shule za sekondari za mji huu kwa miaka mingi, na jambo hili tumelishika kwa mikono yetu, mimi na wanafunzi wangu, kwa sufuria, kinu na pasi ya makaa.

Ugonjwa hauhitaji maelezo marefu. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayoteremka kutoka vilima vya Kadutu na Ibanda yanasomba chupa, sashe na vifuniko hadi ziwani, na kwa kuwa Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi hapa hapa mjini kwetu, takataka hizo zinakwenda kujikusanya mbele ya bwawa la Ruzizi ya kwanza, linalofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wafanyakazi wanaziopoa kwa mitumbwi na kwa mikono. Zinazowaponyoka zinaingia kwenye mashine, mashine inasimamishwa, na sisi huku mtaani tunatafuta mishumaa. Sheria ipo: amri nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vya plastiki katika nchi nzima. Asubuhi ya leo nimenunua chumvi sokoni Kadutu, nikafungiwa katika sashe nyeusi.

Makala yenu inasema, kwa maneno mengine lakini kwa maana hiyo hiyo, kwamba mfuko ukitoka kwenye mmea utaoza kama mmea. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya kila siku. Kuna swali la kwanza: kaboni iliyomo ndani ya mfuko imetoka wapi, kwenye kisima cha mafuta au shambani? Na kuna swali la pili: mfuko ukishatupwa, je, yupo kiumbe udongoni au majini anayeweza kuula? Maswali haya hayafuatani. Mfuko unaweza kujibu vizuri la kwanza ukashindwa kabisa la pili, na kinyume chake pia kipo. Bwawa la Ruzizi linahusika na la pili tu.

Wasomaji wanivumilie kwa somo fupi la darasani. Polima ni molekuli ndefu mno iliyoungwa kwa molekuli ndogo zinazojirudia, kama ushanga uliotungwa katika uzi mmoja. Mjerumani Hermann Staudinger alipoeleza hivyo mwaka 1920, wakemia wengi wa wakati wake walikataa kuamini kwamba molekuli inaweza kuwa ndefu kiasi hicho. Mwaka 1953 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wanga wa muhogo ni polima. Selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba, wa mti na wa mgomba, ni polima pia, na ajabu yake ni kwamba punje za ushanga katika wanga na katika selulosi ni zile zile, yaani sukari ya glukosi. Kinachotofautiana ni namna punje moja inavyomshika jirani yake. Kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo tunakula bugali na hatuli mbao. Huwa nawaambia wanafunzi watafune tonge la bugali dakika mbili bila kumeza, nalo linaanza kuwa tamu mdomoni, kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachokata uzi wa wanga na kuachia sukari. Bakteria na kuvu wa udongoni wana vimeng'enya vya namna hiyo, na wana vingine vya kukata selulosi, ambavyo sisi tulinyimwa. Katika nyuzi hizo zote mbili, kati ya punje na punje kuna atomu ya oksijeni, na hapo ndipo kimeng'enya kinapopata pa kushika. Uzi wa polietilini, ule wa sashe zetu, ni kaboni kwa kaboni kutoka mwanzo hadi mwisho. Hauna pa kushika, ndiyo maana sashe ya mwaka juzi bado ni sashe.

Sasa tutazame mifano. Tangu mwaka 2010 kampuni ya Braskem ya Brazili inatengeneza polietilini kutokana na pombe ya miwa katika kiwanda chake cha Triunfo, kilichoanza na uwezo wa tani 200,000 kwa mwaka. Kaboni yake imetoka hewani kwa njia ya mua, jambo ambalo ni jema kwa hali ya hewa ya dunia. Lakini polietilini ni polietilini, na chupa ya miwa ikiangukia Ruzizi itaziba mashine sawasawa na ndugu yake wa petroli. Nyonyo, ule mmea unaojiotea kando ya majalala yetu bila kupandwa na mtu, mafuta yake yanatumika Ufaransa tangu miaka ya 1940 kutengeneza nailoni iitwayo Rilsan, ambayo ni imara kiasi cha kufaa kwa mirija ya petroli ndani ya magari. Mrija kama huo hakuna dereva anayeomba uoze. Upande wa pili kuna polima inayoitwa kwa kifupi PBAT, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa malighafi ya petroli, na bado bakteria huila.

Mfuko wa mahindi unaosifiwa na mwandishi wenu, nikiyasoma maelezo yake vizuri, ni wa asidi ya polilaktiki, yaani PLA. Wanga wa mahindi unageuzwa kuwa sukari, sukari inachachushwa na bakteria kuwa asidi laktiki, ile ile inayotia ukali katika mashanza, maziwa ya mgando ya mama zetu wa Kabare na Walungu, kisha molekuli za asidi zinaunganishwa kuwa uzi mrefu. Kiwanda kikubwa cha Marekani kinafanya hivyo huko Blair, Nebraska, tangu mwaka 2002, na Thailand wanatumia miwa. Ni kemia nzuri, na siidharau. Nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe mwilini zimetokana na jamii hiyo hiyo ya polima.

Tatizo ni joto. Uzi wa PLA hukatwa kwanza na maji, polepole, ndipo bakteria wapate vipande vya kumeza, na chini ya nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi plastiki hii ni ngumu kama kioo, maji hayaingii kwa urahisi. Ndiyo sababu kipimo cha Ulaya, EN 13432, ambacho kinaupa mfuko haki ya kuitwa wa mboji, kinafuata hali ya viwanda vya mboji, ambako joto linashikiliwa karibu na nyuzi 58 na asilimia 90 ya kaboni inatakiwa igeuke hewa ndani ya miezi sita. Wastani wa joto la Bukavu ni kama nyuzi 20. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana kama 24. Katika hali hiyo mfuko wa PLA unaweza kukaa miaka bila kubadilika sana, na mfanyakazi wa bwawani akiuopoa hatakuwa na njia ya kuutofautisha na ule wa zamani. Italia ilikataza sashe za kawaida za dukani tangu 2011 na kuruhusu za mboji, na jambo hilo limeleta faida kwa sababu katika miji kama Milano mabaki ya chakula yanakusanywa nyumba kwa nyumba ndani ya mifuko hiyo hiyo na kupelekwa kiwandani. Mfuko ule umezaliwa pamoja na lori lake na kiwanda chake. Kuuleta mfuko peke yake ni kuleta bawaba bila mlango.

Nina kisa changu mwenyewe katika hili. Miaka kadhaa iliyopita duka moja la hapa mjini, ambalo sitalitaja, lilianza kutoa mifuko ya kijani yenye jani limechorwa na maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba mfuko unaoza wenyewe. Nilifurahi, nikanunua hata nisivyovihitaji ili nipate mifuko mitano, nikaizika katika bustani ya shule, kila mmoja kwa kina cha kiganja, pamoja na jani la mgomba na kipande cha shati kuukuu la pamba kwa ajili ya kulinganisha. Jani halikumaliza miezi mitatu. Shati, mwezi wa nane, lilibaki mishono, na mishono yenyewe ilibaki kwa kuwa ilikuwa ya poliesta. Mifuko tuliifukua baada ya miezi kumi na minne: mitatu ilikuwa mizima, na maneno yake yalisomeka herufi kwa herufi, miwili ilikuwa imekatikakatika vipande vidogo ambavyo mvulana mmoja alivihesabu hadi mia mbili na kitu, akachoka. Hiyo miwili ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Ilikuwa polietilini ya kawaida iliyotiwa chumvi za metali ili ivunjike kwa jua na hewa, aina ambayo Umoja wa Ulaya ulikataza mwaka 2021 kwa sababu kuvunjika si kuoza: plastiki inabaki ile ile, ila sasa imekuwa ndogo ya kutosha kumezwa na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Neno «asili» lina mvuto, naelewa, na sisi Wakongomani tuna sababu ya pekee ya kulitilia shaka linapotumika kuuza kitu. Plastiki nyingi za kwanza zilitoka kwenye mimea. Seluloidi ya John Wesley Hyatt, ya mwaka 1869 hadi 1870, ilikuwa selulosi ya pamba iliyotiwa asidi na kafuri, na moja ya sababu za kuitafuta ilikuwa kupata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu katika mipira ya biliadi; kasoro yake ni kwamba ilikuwa inashika moto upesi mno. Plastiki ya kwanza isiyotokana na polima ya asili hata kidogo, Bakelite ya mwaka 1907, ni kazi ya Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji. Na miaka hiyo hiyo Ubelgiji na Kongo zilikuwa zimefungwa pamoja na polima nyingine, mpira wa mitambaa ya msituni, ambao hakuna anayeweza kukana kwamba ni wa asili kabisa. Mikono iliyokatwa katika Dola Huru ya Kongo, kabla ya 1908, ilikatwa kwa ajili ya polima ya mmea. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba malighafi fulani ni ya kijani, bado nina haki ya kumuuliza: shamba ni la nani, nani analima, na analipwa kiasi gani.

Swali hilo linaniingiza katika muhogo, kwani najua wasomaji wengi wamekwisha kujibu kimoyomoyo kwamba sisi hatuhitaji mahindi ya watu, tuna mihogo yetu. Nilifikiri hivyo pia. Na wanafunzi wa darasa la tano tulikuna kilo mbili za muhogo mtamu, tukauosha kwa kitambaa, tukauacha maji yatulie, tukapata wanga mweupe kidogo chini ya gramu 400 baada ya kuuanika. Gramu 20 za wanga huo tuliziweka katika maji vikombe viwili vidogo pamoja na kijiko cha siki na kijiko kimoja cha gliserini ya duka la dawa, tukakoroga juu ya makaa hadi uji ukawa mzito na kuanza kung'aa, tukaumwaga juu ya kioo cha dirisha kuukuu. Siku ya tatu tulibandua kitu chembamba, laini, kinachopitisha mwanga, na darasa zima likapiga makofi. Gliserini inajipenyeza katikati ya nyuzi za wanga na kuzifanya ziteleze. Bila hiyo unapata kitu kinachovunjika kama ukoko.

Nilikikata vipande, nikavipeleka sokoni kwa mama mmoja muuza samaki ambaye tumejuana siku nyingi. Alikigusa, akakinusa, akakiinua juani, akaniuliza: «Mwalimu, hii yako itabeba sambaza?» Nikamwambia ajaribu. Alitia konzi mbili za sambaza mbichi, akakunja, akanipa nishike. Hatukumaliza kuulizana habari za watoto. Kipande kilikuwa kimelainika kama utandu wa maziwa, na sambaza zikawa juu ya viatu vyangu. «Hii ni ya kula, Mwalimu, si ya kubebea,» akasema, akacheka hadi jirani zake wakaja kuangalia.

Alikuwa na haki. Wanga unapenda maji, na hiyo ndiyo sababu unaoza upesi. Huwezi kuutaka uoze katika maji ya ziwa na papo hapo uyakatae maji ya samaki. Vipande nilivyoviweka kabatini navyo vilikuwa na yao: vingine viliota ukungu msimu wa mvua, vingine vilikakamaa kiangazi kama bugali uliolala, kwa sababu ile ile, kwamba nyuzi za wanga zikiachwa zinarudi kujipanga na kukazana. Viwandani wanatibu hali hii kwa kuchanganya wanga na polima nyingine kama PBAT, lakini hapo tumerudi kwenye kununua kutoka ng'ambo. Na hata kama tungeweza, ningepinga kukuna muhogo wa kuliwa ili tufungie chumvi. Katika mji ambako debe la unga likipanda bei kidogo tu nyumba nyingi zinapunguza mlo, hilo halihitaji hesabu.

Mtaalamu mmoja angeweza kunikumbusha hapa kwamba kuna polima ambazo bakteria wenyewe wanazitengeneza na kuziweka akiba mwilini, kama kondoo anavyoweka mafuta mkiani. Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza ya kwanza, PHB, mwaka 1926, na sifa yake kubwa ni kwamba inaliwa na viumbe wa udongoni na majini bila kuhitaji joto la kiwanda. Kuna hata bakteria wanaoitengeneza kwa kula methani, na chini ya Ziwa Kivu kuna kama kilomita za ujazo 60 za methani, ambayo Rwanda inaichoma kupata umeme. Nakiri kwamba usiku mwingine nalala nikiliwazia jambo hilo. Lakini PHB bado ni ghali mara kadhaa kuliko polietilini, na sitamwambia mtu wa Kadutu asubiri ndoto zangu.

Kile ninachopendekeza ni kidogo zaidi na kinaweza kuanza msimu huu. Tuache kwanza kushindana na sashe ya sokoni, ambayo ni mpinzani mgumu, nyepesi, ya bei ya bure na isiyoogopa maji. Tutafute mahali ambapo kuoza ni faida yenyewe ya kitu, ambapo mteja analipia kuoza. Mahali hapo papo, tena pengi, kuanzia Kabare hadi Kalehe na Idjwi: ni vitalu vya miche. Kila mche wa kahawa, wa mti wa kuni, wa marakuja, wa kinkina unalelewa katika sashe nyeusi ya polietilini iliyojazwa udongo. Siku ya kupanda, mkulima anaichana na kuitupa pale pale, au kwa haraka anaupanda mche pamoja na sashe yake, na mizizi inajizungusha humo ndani hadi mti unadumaa. Pitieni shamba jipya lolote mkatazame chini ya majani: udongo umechanganyika na vipande vyeusi ambavyo wajukuu wa mkulima watavilima. Kisha mvua inavichukua, na safari yake mnaijua inaishia wapi.

Chungu cha mche kinatakiwa kisimame miezi mitatu hadi tisa, kulingana na mti, kikimwagiliwa kila siku, kisha kiliwe na udongo. Wanga peke yake hauwezi, ungefika wiki ya pili. Selulosi inaweza. Na selulosi tunayo, kwa maana mgomba huzaa mara moja tu: mkungu ukikatwa, shina linaangushwa na kuachwa lioze. Tulichukua magamba ya mashina hayo, tukayakata vipande vya vidole viwili, tukayachemsha saa tatu katika maji ya majivu, ambayo yanalegeza lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mmea pamoja. Tukayaosha, tukayatwanga kinuni, tukayachanganya na uji wa wanga uliotokana na maganda ya muhogo, si nyama yake. Ganda ni asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa muhogo na lina wanga wa kutosha kufanya gundi. Lina pia sianidi nyingi kuliko nyama, kwa hiyo tuliliacha lichachuke na kulianika juani kabla ya kulitumia, kama vile mama zetu wanavyofanya kwa muhogo mchungu. Nchi iliyoijua konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, haina ruhusa ya kuchezea hatua hiyo. Rojo tulilitandaza, likakauka nusu, tukalizungushia chupa, tukapiga pasi ya makaa juu ya kitambaa. Harufu yake ilikuwa kama ya mkate unaoungua, na mlinzi wa shule alikuja mara mbili kuuliza tunapika nini.

Tulitengeneza vyungu 24. Kumi na viwili tulivichovya chini katika nta ya nyuki, kumi na viwili tuliviacha hivyo hivyo, vyote tukavipandia marakuja na kuvimwagilia kila asubuhi. Wiki ya kumi, vyenye nta vilikuwa vimesimama kumi na kimoja, cha kumi na mbili kililiwa na mchwa. Visivyo na nta vilisimama sita, vilivyobaki vilifunguka kitako. Tuliipanda miche pamoja na vyungu vyake. Mwezi wa tatu baada ya kupanda nilifukua mmoja kwa mikono, taratibu: palibaki mduara wa rangi ya kahawia udongoni, laini kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika, na mizizi myeupe ilikuwa imepita katikati yake kila upande bila kujikunja.

Najua udhaifu wa jaribio letu. Vyungu 24 ni vichache, marakuja hukua haraka kuliko kahawa, mchwa wa shule yetu ni wapole kuliko wa bonde la Ruzizi, na kuchemsha kwa saa tatu kunakula makaa, ambayo nayo ni msitu. Pengine kuloweka kwa wiki mbili katika majivu bila moto kungetosha, sijajaribu bado. Lakini haya ni maswali ambayo yanaweza kujibiwa hapa hapa. Lwiro kuna kituo cha utafiti wa sayansi asilia, Mulungu kuna INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, inayojua migomba na kahawa kuliko mimi, mjini kuna vyuo vikuu vyenye vitivo vya kilimo na idara za kemia, na kuna kiwanda ambacho kwa miaka mingi kimetoa kwinini kutoka ganda la kinkina, kwa hiyo yeyote anayesema kwamba Bukavu haiwezi kemia ya mimea hajui anaishi wapi. Wanachokosa vijana wetu ni kazi ya kupewa: mtu wa kuagiza vyungu elfu moja na kuvilipia, ili wajue wakosee wapi.

Ombi langu la pili ni kwa wanaotoa vibali. Mfuko wowote unaoletwa huku ukiwa na jani la kijani juu yake, usikubaliwe kwa karatasi za maabara ya Ulaya peke yake. Uzikwe kwanza katika udongo wa hapa, kwa joto la hapa, na kipande kingine kifungwe kamba ndani ya maji ya ziwa, kwa miezi sita. Anayeuza asimame pale siku ya kufukua. Kipimo hiki hakigharimu zaidi ya jembe na daftari, na kingetuokoa na ile mifuko mitano iliyonidanganya mimi.

Katika bustani ya shule yetu hivi sasa kuna mstari wa vigingi saba. Chini ya kila kimoja cha sita vya kwanza kuna kitu kimezikwa wiki iliyopita: sashe nyeusi ya kawaida, kipande cha wanga wa muhogo, chungu chenye nta, chungu kisicho na nta, jani la mgomba, kitambaa cha pamba. Kigingi cha saba hakina kitu, kinasubiri mfuko wa mahindi uliosifiwa na gazeti lenu. Mwandishi wenu akiupata, aulete mwenyewe, na aje na viatu asivyoviogopea tope.

Wenu,
Mwalimu wa kemia,
Kadutu, Bukavu